Waliokatwa Msaada Marekani Si Wale Wanaotajwa Jukwaani

Kila msimu wa uchaguzi Marekani, hoja hurudi ile ile: wahamiaji wasio na vibali wanakula kodi za wananchi. Wanasiasa huisema majukwaani, televisheni huirudia, na siku mbili baadaye unaikuta kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko huko, ikisambazwa na watu ambao wenyewe walifika juzi tu. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwa sababu imezaa sheria, na sheria hiyo sasa ndiyo inayoamua nani atapata chakula mwezi huu na nani atakosa. Lakini ukiifuatilia hadi kwenye vifungu vyenyewe, unagundua kwamba waliokatwa msaada mwaka 2025 ni watu wenye karatasi halali mkononi. Wamo miongoni mwao walioingia Marekani kwa sababu serikali ya Marekani iliwachagua, ikawachunguza kwa miaka, kisha ikawaleta.

Tuanze na yule anayetajwa jukwaani. Mtu aliyeingia bila kibali, au aliyebaki baada ya viza yake kwisha, haruhusiwi kupata msaada wa chakula wa SNAP, ule ambao wengi bado wanauita stempu za chakula. Haruhusiwi kuwa na Medicaid ya kawaida, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wala posho ya fedha kwa familia maskini, wala ile ya wazee na walemavu inayoitwa SSI. Hali hiyo haikuanza jana. Sheria ya marekebisho ya misaada ya jamii aliyoisaini Bill Clinton tarehe 22 Agosti 1996 iliufunga mlango huo kwa komeo, na hata kabla yake sehemu kubwa ya mlango ilikuwa imeshafungwa.

Kilichobaki kwa mtu huyu ni kidogo, na kila kimoja kina sababu yake. Akifika hospitali akiwa mahututi lazima ahudumiwe, kwa sheria ya mwaka 1986 inayozibana hospitali zenye vitengo vya dharura. Medicaid inaweza kuilipa hospitali gharama za dharura hiyo, kujifungua kukiwamo. Mtoto wake ana haki ya kwenda shule ya umma, kwa hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, na akiwa shuleni anapata chakula cha mchana kama wenzake. Mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga anaweza kupata maziwa na vyakula vya lishe kupitia mpango wa WIC, ambao hauulizi kibali. Orodha inakaribia kuishia hapo. Mtu akikwambia ameona wasio na vibali wakipokea hundi za serikali kuu kila mwezi, muulize ni mpango gani, unaitwaje. Hatakutajia.

Jambo kubwa la sheria ya 1996 lilikuwa kwingine kabisa. Iliwagawa wale wenye vibali. Mpaka wakati huo, mkaazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani alikuwa karibu sawa na raia mbele ya dawati la msaada. Baada ya hapo akaambiwa asubiri miaka mitano tangu kupata hadhi hiyo kabla ya kuomba Medicaid, na tangu sheria ya 2002 ngoja hiyo hiyo ndiyo inayotumika kwa watu wazima kwenye SNAP. Kwa SSI masharti yakawa mazito zaidi: lazima awe na robo 40 za kazi kwenye rekodi, ambazo ni sawa na miaka kumi ya kukatwa kodi. Ndugu zetu waliofika kwa bahati nasibu ya viza wanalijua hili vizuri, au wanalijua baada ya kuchelewa. Umeshinda, umefika, una kadi ya kijani, na kwa miaka mitano unalipa kodi ya misaada ambayo wewe mwenyewe huruhusiwi kuiomba. Aliyeletwa na ndugu yake ana kizuizi cha ziada, kwa sababu mdhamini aliyesaini hati ya kumtegemeza aliahidi kumtunza mgeni asishuke chini ya asilimia 125 ya mstari wa umaskini, na kipato cha mdhamini huyo kinaweza kuhesabiwa kana kwamba ni cha mgeni, hata kama hajawahi kumpa senti.

Lakini hata Bunge la 1996, ambalo halikuwa na huruma nyingi, liliwaweka kando watu wa kundi moja. Mkimbizi na mtu aliyekubaliwa hifadhi hawakuwekewa ngoja ya miaka mitano, na mwaka 2000 sheria nyingine ikawaongeza walionusurika biashara ya kusafirisha binadamu. Walipewa haki tangu siku ya kwanza. Sababu ilikuwa wazi kwa kila upande wa Bunge: mtu aliyekimbia vita hakupanga safari, hakuweka akiba, hana mdhamini, na mara nyingi hana hata nguo za baridi.

Uamuzi huo ulidumu karibu miaka 29. Ukaondolewa tarehe 4 Julai 2025.

Siku hiyo Donald Trump alisaini sheria kubwa ya kodi na matumizi. Ndani yake kuna vifungu ambavyo havikupigiwa kelele, na wengi waliokuwa wakijadili punguzo la kodi hawakuvisoma. Kwenye SNAP, orodha ya wasio raia wanaostahili ilipunguzwa hadi makundi matatu: wenye kadi ya kijani, baadhi ya Wakuba na Wahaiti walioingia kwa utaratibu maalumu, na raia wa nchi tatu za visiwa vya Pasifiki zenye mkataba na Marekani, yaani Micronesia, Visiwa vya Marshall na Palau. Wakimbizi wametolewa. Waliopewa hifadhi wametolewa. Walionusurika kusafirishwa kama bidhaa wametolewa. Kifungu hakikuwapa nafuu hata watoto wao. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba watu wapatao 90,000 kwa mwezi wa kawaida wangeondoka kwenye mpango huo kwa sababu ya mabadiliko haya.

Medicaid imewekewa mipaka inayofanana kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, isipokuwa kwa watoto na wajawazito katika majimbo yaliyochagua kuwahudumia chini ya sheria ya 2009 ya bima ya afya ya watoto. Ruzuku ya bima ya afya ambayo mtu hujinunulia kwenye soko rasmi la bima inafuata Januari 2027. Hata Medicare, bima ya wazee, imeguswa, na hili ndilo linalonikereketa kuliko yote, kwa sababu Medicare mtu huichangia. Chukua Msomali au mtu wa Sudan Kusini aliyefanya kazi kihalali miaka 15 chini ya hadhi ya ulinzi wa muda, ile wanayopewa raia wa nchi zenye vita au majanga, akikatwa kwenye kila mshahara makato ya Medicare, akafikisha umri wa miaka 65. Sheria inasema hastahili tena, na aliyekuwa ameshaandikishwa aondolewe ndani ya miezi 18. Fedha zake zilipokelewa. Huduma aliyoilipia ndiyo iliyofutwa.

Nirudi kwa mkimbizi, kwa sababu kwake kosa la sheria hii ni la hesabu za wakati, na hesabu hizo hazihitaji siasa kuzielewa.

Katika mwaka wa fedha wa 2024, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote kati ya waliopokelewa Marekani. Wengi wao walikuwa wameishi miaka mingi kambini: Nyarugusu kule Kigoma, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, Kakuma nchini Kenya. Wapo vijana waliozaliwa kambini na kukulia humo. Mchakato wa kupelekwa Marekani ni mrefu: mahojiano ya Umoja wa Mataifa, mahojiano ya maofisa wa Marekani, alama za vidole, vipimo vya afya, ukaguzi wa usalama unaorudiwa kila unapopitwa na wakati. Mkimbizi hachagui mji. Shirika la kupokea wakimbizi ndilo linalomwambia kama anakwenda Kentucky, Texas au Idaho. Na tiketi ya ndege ni mkopo. Haina riba, ni kweli, lakini ni deni, na miezi michache baada ya kufika anaanza kutumiwa barua za kulilipa.

Kwa hiyo anatua akiwa na deni na mkoba wa karatasi. Shirika lililompokea lina siku 90 za kumsaidia: nyumba, shule za watoto, kadi ya hifadhi ya jamii, ofisi ya msaada. Msaada wa fedha wa serikali kuu kwa mkimbizi asiye na watoto ulikuwa wa miezi 12. Kuanzia Mei 2025 umekatwa hadi miezi minne. Kazi anayoipata mara nyingi ni ya kiwanda cha nyama, ghala la mizigo au usafi wa hoteli, na inaanza mwezi wa tatu au wa nne kama mambo yamekwenda sawa. Lugha bado. Gari bado, katika nchi ambayo sehemu nyingi bila gari hufiki kazini.

Mwaka mmoja baada ya kufika, sheria inamtaka aombe kadi ya kijani. Akishaipata, anastahili SNAP tena, na kwa kuwa aliingia kama mkimbizi hasubiri ile miaka mitano. Tazama mpangilio huo. Mwezi wa kwanza, akiwa hana kazi, hana lugha na ana watoto wanne, hastahili chakula. Baada ya mwaka na ushei, akiwa na kazi, anajua basi linapopita na pengine hahitaji tena msaada, ndipo anastahili. Mpango wa chakula uliobuniwa kwa ajili ya watu walio katika kipindi kigumu umeondolewa katika kipindi kigumu pekee na kuachwa katika kilicho rahisi zaidi. Mtu aliyetaka kubana matumizi kwa akili angefanya kinyume chake: angetoa msaada mkubwa mwanzoni na kuupunguza kadiri mtu anavyosimama. Kama kifungu hiki kina mantiki ya uchumi, mimi nimeitafuta na sikuiona.

Kisha ikaja Novemba 2025. Idara ya uraia na uhamiaji ilitoa waraka wa ndani ulioagiza wakimbizi wapatao 233,000, walioingia kati ya Januari 2021 na Februari 2025, wapitiwe upya, na maombi yao ya kadi ya kijani yasimamishwe. Sheria moja ikasema hutapata chakula mpaka uwe na kadi ya kijani. Waraka mwingine ukasema kadi ya kijani isubiri. Yaliandikwa na ofisi mbili tofauti, lakini yaliangukia nyumba moja.

Nyumba hiyo ikoje? Tuseme ni familia ya watu sita. Baba, mama, watoto watatu waliozaliwa Nyarugusu, na kitinda mimba aliyezaliwa hospitali ya Marekani miezi minne baada ya kufika. Chini ya kanuni za sasa, anayestahili SNAP ni yule mchanga peke yake, kwa kuwa ni raia kwa kuzaliwa. Ofisi inafungua faili ya mtu mmoja. Halafu inachukua kipato cha baba, chote au sehemu yake kutegemea jimbo, na kukiingiza kwenye hesabu ya faili hilo. Mshahara wa baba unahesabiwa, tumbo la baba halihesabiwi. Matokeo yake ni kwamba hata kile kiasi cha mtoto mmoja kinaweza kupungua au kuyeyuka kabisa. Na kaka zake watatu, wanaolala chumba kimoja naye na kusoma shule moja ya umma, kwa hesabu ya ofisi hiyo hawapo.

Nimekaa kwenye meza za jikoni za watu wetu nikiwasomea barua za namna hii, kwa hiyo ninajua zinavyosomeka. Zina kurasa nyingi na zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Ukurasa wa kwanza unatoa tarehe ambayo msaada utakoma. Sababu imefupishwa kwenye mstari mmoja: hadhi yako ya uhamiaji haikidhi masharti. Haisemi kwamba sheria imebadilika. Haisemi kwamba hujakosea chochote. Mama aliyenipa barua ya mwisho niliyoisoma aliniuliza, "Mwanangu, tumefanya kosa gani?" Alidhani mtu amewachongea. Haki ya kukata rufaa ndani ya siku 90 ilikuwa imeandikwa nyuma ya karatasi, kwa maandishi madogo, na karatasi ya lugha nyingine iliyoambatanishwa ilikuwa na sentensi moja ya Kiswahili inayosema piga simu hii ukihitaji mkalimani.

Hapo ndipo uoga unapoingia, na uoga huu una madhara makubwa kuliko sheria yenyewe. Tangu mwaka 1882 Marekani ina kanuni ya kumzuia mgeni anayeonekana atakuwa mzigo kwa umma. Kwa miaka mingi ilitafsiriwa kwa upana mdogo: mwaka 1999 maofisa waliagizwa kuangalia misaada ya fedha taslimu na utunzwaji wa muda mrefu kwenye taasisi kwa gharama za serikali, basi. Mwaka 2019 utawala wa Trump ukaipanua hadi kwenye chakula, Medicaid na nyumba. Kanuni hiyo ikaanza kutumika Februari 2020, ikafutwa Machi 2021, na mwaka 2022 serikali ya Biden ikaandika nyingine inayofanana na ile ya 1999. Novemba 2025 serikali ikapendekeza kuifuta hiyo nayo. Hebu fikiria unamweleza mzee wa miaka 60 kwamba jibu linategemea ni mwaka gani.

Taasisi ya Urban, iliyofanya utafiti wa maoni Desemba 2018, ilikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya saba katika familia za wahamiaji alijiepusha, yeye au mtu wa nyumbani kwake, na msaada usio wa fedha kwa kuogopa kuharibu nafasi ya kadi ya kijani. Wakati huo kanuni ya Trump ilikuwa pendekezo tu. Haikuwa imeanza kutumika. Wamo watu ambao kanuni hiyo haiwahusu kabisa. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi wamesamehewa na sheria yenyewe. Hakuna ofisa anayeruhusiwa kuwanyima kadi ya kijani kwa sababu walikula chakula cha SNAP walipostahili. Mtoto aliye raia akitumia Medicaid, hilo halihesabiwi dhidi ya mama yake. Haya ni mambo mawili ambayo kila kanisa na kila msikiti wenye waumini wanaozungumza Kiswahili kule ungepaswa kuyatangaza kila mwezi.

Serikali nayo imeukoleza uoga huo. Juni 2025 taarifa za watu waliojiandikisha Medicaid katika baadhi ya majimbo zilikabidhiwa kwa Wizara ya Usalama wa Ndani, wizara ile ile inayosimamia ukamataji na urudishwaji wa wahamiaji. Majimbo 20 yalikwenda mahakamani kupinga. Lolote litakaloamuliwa na majaji, ujumbe umeshafika mtaani: ukijaza fomu ya matibabu, anwani yako inaweza kuishia kwa askari. Mama mwenye mimba ya miezi saba akiamua kutokwenda kliniki kwa sababu hiyo, hakuna mahakama itakayomrudishia miezi hiyo.

Sasa, upande wa pili una hoja, na si zote ni za chuki. Ya kwanza inasema kila nchi ina wajibu kwa raia wake kwanza, na Marekani ina mamilioni ya raia maskini. Ninakubali kwamba Bunge lina mamlaka hayo. Mahakama Kuu ililisema wazi mwaka 1976, katika kesi ya Mathews dhidi ya Diaz, kwamba serikali kuu inaweza kuwabagua wageni katika misaada. Miaka mitano kabla, katika kesi ya Graham dhidi ya Richardson, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeyakataza majimbo kufanya jambo hilo kwa uamuzi wao. Kwa hiyo kisheria mkono wa Bunge uko huru. Lakini kuwa na uwezo wa kufanya jambo hakujibu kama jambo hilo ni la haki, wala kama lina faida. Raia maskini hakuongezewa chakula kwa mkimbizi kukatiwa. Sheria hiyo hiyo ya Julai 2025 ilimbana raia maskini naye, kwa masharti mapya ya kazi kwenye SNAP na Medicaid.

Hoja ya pili ni kwamba msaada huvuta watu. Kwa mkimbizi hoja hii haina pa kushika. Hakuvutwa na kitu. Idadi yake hupangwa na rais kila mwaka. Kwa mwaka wa fedha 2026 kiwango kimewekwa kuwa watu 7,500, na nafasi nyingi zimetengewa Waafrikaner, yaani wazungu wa Afrika Kusini wanaozungumza Kiafrikana. Mtu aliyesubiri Kakuma miaka 15 hakuwa akifuata kadi ya chakula.

Hoja ya tatu ni gharama, na hapa kuna takwimu. Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya Marekani ilichapisha mwaka 2024 utafiti kuhusu wakimbizi na waliopewa hifadhi kwa miaka 2005 hadi 2019. Ulipojumlisha kodi walizolipa na huduma walizotumia katika ngazi zote za serikali, ulikuta wameiachia nchi ziada ya dola bilioni 123.8. Tena, ili niwe mkweli, ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi ya mwaka 2016 ilionyesha kuwa kwa bajeti za majimbo na miji, kizazi cha kwanza cha wahamiaji kwa ujumla huwa ni gharama, hasa kwa sababu ya kusomesha watoto. Watoto hao hao wakikua, ripoti ikasema, huwa miongoni mwa walipa kodi wenye mchango mkubwa kuliko wote. Ukiyasoma mawili hayo pamoja, linabaki swali la lini uwekeze kwa mtoto. Anayekata chakula cha mtoto wa miaka saba anaokoa dola leo na kuzidai kesho kutoka kwa mtu aliyemdumaza.

Hata asiye na kibali, yule wa jukwaani, hesabu yake haiko kama inavyohubiriwa. Taasisi ya Kodi na Sera ya Uchumi ilikadiria kwamba wahamiaji wasio na vibali walilipa kodi za dola bilioni 96.7 mwaka 2022. Sehemu ya fedha hizo iliingia kwenye mfuko wa pensheni ambao hawatachota kamwe.

Kuna pia neno lililotolewa. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 23, unazitaka nchi wanachama ziwape wakimbizi wanaoishi kihalali kwenye ardhi yao huduma za misaada ya umma sawa na raia. Marekani haikusaini mkataba wenyewe, lakini mwaka 1968 ilijiunga na Itifaki ya 1967, ambayo inabeba kifungu hicho. Tanzania, Uganda na Kenya zimekuwa zikikumbushwa na mabalozi wa Magharibi, kwa miongo mingi, juu ya wajibu wao chini ya mkataba huu kila zinapofikiria kufunga kambi. Ni halali kabisa kwa Mtanzania au Mganda kuuliza kifungu cha 23 kimekwenda wapi.

Majimbo yamejaribu kuziba pengo, kwa nguvu zinazotofautiana. Maine ni mfano ninaoupenda. Jimbo hilo liliruhusu mwaka 2015 msaada wa dharura wa miji uwafikie hata wanaoomba hifadhi, watu ambao serikali kuu haiwapi kitu na haiwaruhusu kufanya kazi mpaka siku 180 zipite tangu waombe. Juni 2019 mamia ya watu kutoka Kongo na Angola, waliopita misitu ya Panama kwa miguu, walifika mji wa Portland jimboni humo kwa wakati mmoja. Mji ukafungua uwanja wake wa mpira wa kikapu, ukapanga vitanda, na wakazi wakachanga fedha na kuwapokea wageni majumbani mwao. California ilikwenda mbali zaidi, ikafungua bima yake ya afya kwa watu wazima wote wenye kipato kidogo bila kuangalia kibali kuanzia Januari 2024. Ikaelemewa na bajeti, na kuanzia Januari 2026 haiandikishi tena watu wazima wapya wasio na vibali. Illinois na Minnesota nazo zilirudi nyuma mwaka 2025. Jimbo haliwezi kuchapisha fedha, na likibanwa linaanza kukata kwa wasiopiga kura.

Ndiyo maana suluhisho liko Washington, na halihitaji ubunifu. Wastani wa SNAP ulikuwa takriban dola 187 kwa mtu kwa mwezi katika mwaka wa fedha 2024. Zidisha kwa wale 90,000, kisha kwa miezi 12: unapata kama dola milioni 200 kwa mwaka, katika mpango unaotumia karibu dola bilioni 100. Ni senti mbili katika kila dola kumi. Bunge limewahi kurekebisha makosa ya aina hii mara mbili, tena likiwa mikononi mwa Republican angalau kwenye baraza moja: mwaka 1998 liliwarudishia stempu za chakula baadhi ya watoto, wazee na walemavu waliokuwa wamekatwa na sheria ya 1996, na mwaka 2002, kupitia sheria ya kilimo iliyosainiwa na George W. Bush, likawarudishia watoto wote wenye kadi ya kijani bila kungoja miaka mitano. Sheria ya kilimo ndiyo inayobeba SNAP. Sentensi moja ndani yake, inayotaja mkimbizi, aliyepewa hifadhi na aliyenusurika kusafirishwa, ingetosha.

Wakati hilo likisubiriwa, familia isiache kilichobaki. Mtoto raia aombewe SNAP na Medicaid. Mzazi anaweza kuomba kwa niaba yake bila kujiombea mwenyewe, na mzazi huyo halazimiki kueleza hadhi yake ya uhamiaji. WIC bado iko wazi. Chakula cha shule bado kipo. Aliyepata kadi ya kijani akitokea kwenye ukimbizi arudi ofisini wiki hiyo hiyo na barua yake ya zamani ya ukimbizi, maana ofisa asipoiona anaweza kumhesabia miaka mitano asiyopaswa kungoja. Na barua ya kukatiwa ikifika, igeuzwe nyuma isomwe, kwa sababu zile siku 90 zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake.